Gari la Baba na Watu wa Sinema

Mama aliliita gari lile mke mwenzake, na hakuwa akitania sana. Baba alikuwa akishaswali alfajiri hupitia uani kwanza, kabla hata ya kumwuliza mkewe ameamkaje. Atalifunua turubai, alizunguke, apapase mbawa za magurudumu kama mtu anayemjulia hali mgonjwa, ndipo arudi ndani kunywa chai. "Bibi mkubwa hajambo?" mama humwuliza. "Hajambo, anakusalimu," baba hujibu, na chai inanywewa.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Ngara, nyuma ya duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa. Kwetu ni Mombasa, lakini baba aliletwa Nairobi na udereva kabla mimi sijazaliwa, akamwendesha bibi mmoja wa Kizungu wa Hurlingham kwa miaka mingi. Bibi yule alipozeeka na kurudi kwao, gari lake la kwanza lilikuwa limesahauliwa bandani na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Baba akalinunua. Ndugu zake wa Mombasa walimcheka wee. Watu wanaendesha magari ya kuwashwa kwa ufunguo, yeye anakwenda kununua gari la kuzungushwa kwa hendeli kama kinu cha kusagia! Baba alilipaka rangi ya kijani iliyokoza, akasugua shaba ya taa na ya honi mpaka ukaweza kujipaka wanja ukijitazama humo. Tangu hapo, Waislamu wa Ngara na Pumwani hawakuona harusi kuwa harusi bila gari lile. Bibi harusi alipandishwa nyuma na somo yake aliyemfunda, kanga zikatandazwa juu ya magoti, na baba akalipeleka taratibu kabisa ili kila dirisha lipate nafasi ya kuchungulia.

Sisi nasi tulipanda, Jumapili zisizo na harusi. Mama alikaa kiti cha nyuma, mimi pembeni yake, baba peke yake mbele. Hivyo ndivyo alivyotaka yeye, na mama hakubishana naye, ila siku moja alimwambia, "Watu wengine wanawajua waume zao kwa nyuso. Mimi wangu nikipotelewa naye sokoni nitamtafuta kwa kisogo." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Sikujua kwamba ilikuwa kweli tupu.

Lazima niseme jambo moja kuhusu baba, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Hakukubali kupigwa picha. Hakuwa mtu wa kelele za dini. Aliswali, akafunga, na mambo ya wengine akawaachia wenyewe. Lakini picha ya kiumbe mwenye roho aliikataa katakata. Alisema Siku ya Kiyama aliyeichora ataambiwa aitie roho, na yeye hataki kuwa sababu ya mtu mwingine kuaibika mbele ya Mola wake. Mpiga picha wa harusi alipotaka kumpiga pamoja na maharusi, baba aliteremka, akaenda kusimama nyuma ya mti mpaka kazi imekwisha. Kwa hiyo ziko picha nyingi za gari letu katika makabati ya watu, na ndani yake dereva hayumo.

Watu wa sinema walitujia katikati ya ile miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Kiingereza, wakati kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine kulitaka barua na roho ngumu. Walitoka Ulaya kutengeneza picha ya hadithi ya zamani, Mzungu mwanamke anakuja kuishi shamba la kahawa, na wakahitaji gari la enzi hizo. Aliyetumwa kwetu alikuwa karani wao, kijana wa kutoka upande wa Maragoli, mwenye tai na adabu zake. Alikataa kukaa mpaka baba alipokaa.

"Mzee," akasema, "hawa watu wamezunguka Nairobi mzima. Hii gari yako ndiyo wanataka. Siku moja tu, huko Loresho, kwa barabara ya kahawa."

"Gari ni chuma," baba akasema. "Chuma hakina roho. Wapige watakavyo."

Mama alikuwa nyuma ya pazia. "Gari hilo lina roho kukushinda wewe!" akasema kwa sauti ya kusikika, na karani akaangalia viatu vyake asicheke.

Tatizo likawa ni dereva. Baba hakuwa tayari mtu mwingine ashike usukani wa gari lake, hata kwa dakika moja, hata awe Mzungu aliyezaliwa ndani ya karakana. Na karani naye akaeleza kwamba dereva ataonekana, kwa sababu yule mwanamke wa hadithi atakaa nyuma na mashine ya picha itawekwa nyuma yake kabisa, itazame mbele. Baba akauliza mashine itakaa wapi hasa. Karani akavuta viti viwili vyetu, akakalia kimoja, akamwonyesha. Baba akasimama nyuma yake, akamtazama kisogoni muda mrefu, kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Sura haitaonekana?"

"Haitaonekana, mzee. Mgongo tu."

"Basi," baba akasema. "Mgongo si sura."

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa fatwa au uroho wa kutaka gari lake lionekane duniani. Namshuku kwa hilo la pili, Mungu amrehemu.

Kuamkia siku yenyewe alilisugua gari mpaka mikono ikamchubuka. Alitumia nta, akatumia limau kwenye shaba, akatumia kanga mpya ya mama bila kuomba, na kwa hilo mama alimsema hadi Westlands. Tulikwenda sote. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimevaa buibui langu la pili tu maishani, na nilijiona kama ninayepelekwa mimi kwenye sinema. Vizuizini askari waliisoma barua ya kampuni, wakalitazama gari, mmoja akaomba apige honi. Baba akamruhusu.

Tulipofika Loresho, Mzungu mkubwa wa kazi ile alilizunguka gari akitikisa kichwa kwa furaha. Kisha akaita watu. Wakaja wawili na ndoo, na mbele ya macho ya baba wakaanza kulipaka gari tope. Walilitupia udongo mwekundu kwenye milango, wakapuliza vumbi juu ya taa, wakachukua tambara lenye mafuta wakazima ule mng'aro wa shaba aliokesha akiutafuta. Karani alikuja mbio kueleza: gari limetoka safari ndefu katika hadithi, haliwezi kufika shambani kama linatoka kuoga. Baba hakusikia. Alikuwa amejishika kiuno. Sijapata kumwona mtu akitukanwa kiasi kile bila neno kusemwa.

"Tuondoke?" mama akamwuliza polepole.

Angeweza kuondoka. Nilitamani aondoke. Lakini baba alilitazama gari, akaitazama ile barabara iliyonyooka katikati ya mibuni, akasema, "Wamelivisha nguo za kazi, basi." Nao wakamvisha yeye: koti la kaki lenye vifungo vya shaba na kofia ngumu ya dereva wa zamani. Kofia yake mwenyewe ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono aliyoshonewa na mama, alimpa mama amshikie. Mama aliishika mapajani siku nzima.

Walimtaka aendeshe kwenda na kurudi barabara ile moja mpaka jua likahama. Mwanamke wa Kizungu nyuma, kofia yake pana imefungwa kwa kitambaa, nyuma yake mtu na mashine, amekunjamana kama mzigo; na mbele, baba. Sisi tulikaa chini ya kivuli kando ya mibuni na gari likatupita na kutupita. Kila lilipopita baba hakutugeukia, maana alikuwa kazini. Walipomaliza wakamlipa vizuri, wakaliosha gari kwa maji ya pampu, na njia nzima ya kurudi baba aliimba kaswida.

Mvua za mwaka uliofuata zikamletea ugonjwa wa kifua. Alianza na kikohozi, akasema ni vumbi la Loresho limemkaa, tukacheka. Hakumaliza mwezi. Watu waliotuzikia walikuwa wengi kuliko tulivyojua tunafahamiana nao. Karibu kila mwanamume aliyeingia uani aliwahi kupelekwa kwenye nikahi yake na baba.

Mama akakaa eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Huko Mombasa angekuwa na dada na mashangazi wa kumzunguka. Ngara alikuwa na mimi. Tulipokwisha kusoma hitma ya arobaini, baba zangu wadogo waliokuja kutoka Mombasa wakayagawa aliyoyaacha marehemu kama sheria inavyotaka, na gari likawaangukia wao. Walilisukuma hadi stesheni likapakiwa kwenye behewa. Mama alisikia magurudumu yakitoka uani, akamwaga chai aliyokuwa amejimiminia, akasema, "Mke mwenzangu naye kaniacha." Hakulia. Kulia kwake kulikuwa kwa siri, wakati akidhani nimelala.

Alichokuwa akikililia nilikijua, maana aliniambia asubuhi moja nikimsuka. Alisema uso wa baba unamtoka. Akifumba macho anaupata mdomo, anayapoteza macho. Akiyapata macho, mdomo umekwenda. Wajane wengine, akasema, wanayo picha ukutani, hata ya kupigwa stendi ya mabasi, wanaweza kumtazama mtu wao wakamkemea kwa kufa mapema. Yeye hana hata kivuli chake. "Nimemtii katika kila jambo," akasema. "Kwa hili moja ningemwibia."

Siku chache baadaye mama wa dukani, mke wa yule Mhindi mwenye nyumba wetu, akaingia jikoni kwetu bila kubisha hodi, sari kaishika mkononi asiikanyage.

"Mama ya mtoto! Ile sinema ya gari yenu kwisha kuja! Mimi naona picha yake nje ya mlango, gari ile ile, honi ile ile. Jumatano mchana iko ya wanawake tupu. Sisi enda wote."

Mama alisimama. Kisha akakaa tena. Niliona rangi ikimpanda usoni na kumshuka. Sinema ile ilikuwa imeshapita jumba la Wazungu katikati ya mji, ambako sisi tusingekanyaga hata mlangoni. Sasa ilikuwa kwenye jumba la Wahindi, karibu na mto, kwa juma moja tu. Baada ya hapo ingepanda garimoshi kwenda Kampala, na nani angejua itarudi lini.

Nilimsihi. Sioni haya kusema nilimsihi vibaya. Nilisema ni wanawake peke yao, ni mchana, atajifunika gubigubi, nitamshika mkono kwenda na kurudi; kama hii si dharura, dharura ni nini? Nilisema Mungu si mwanasheria wa Kizungu. Mama aliniacha nikatapika yote.

"Eda ni ya nani?" akaniuliza mwishoni.

"Ya baba."

"Ndiyo haki yake ya mwisho kwangu. Sasa niivunje ili nikamtazame? Nitamtazama kwa macho gani?"

Nikakasirika, nikaenda kuosha vyombo kwa kelele. Akanifuata mpaka mlangoni. "Nenda wewe," akasema. "Mtazame vizuri. Usipepese."

Jumatano hiyo nilikwenda na mama wa dukani na dada zake. Mlangoni mtu wa tiketi alinitazama, akauliza, "Huyu nani?" Mama wa dukani akamjibu, "Mtoto ya nyumba yangu," akanisukuma ndani kabla swali la pili halijazaliwa. Jumba lilikuwa limejaa akina mama, watoto, karanga na kilio cha vichanga. Taa zikazimwa. Nilikaa na macho wazi kama bundi, kwa sababu sikujua watalitoa gari mapema au mwisho, na nilikuwa nimeambiwa nisipepese.

Hadithi yenyewe siikumbuki na sioni haja ya kuikumbuka. Mwanamke alishuka kwenye garimoshi, akalia, akavaa kofia. Halafu, bila taarifa, nikawa nipo kiti cha nyuma. Ile kofia pana pembeni, barabara nyekundu mbele, na katikati yake baba. Mabega yake. Sikio lake la kushoto lililotoka nje kidogo kuliko la kulia. Lile koti la watu lilimkaa vibaya, na juu ya kola ilionekana shingo, ile mikunjo miwili ya shingo niliyoikalia nyuma Jumapili zote za utoto wangu. Alitoa mkono wa kulia, akaiminya honi. Hapo nilitaka kupiga kelele: honi yetu ilikuwa na sauti ya mzee mwenye mafua, nao walikuwa wameiondoa wakaweka honi nyingine yenye sauti ya bata! Mama wa dukani alisimama, akalitangazia jumba zima kwa Kihindi na kwa Kiswahili kwamba yule ni baba wa mtoto huyu, yule pale, yule anayeendesha. Wanawake wakageuka kunitazama mimi. Walipoirudia sinema baba alikuwa amekwisha kupita, na mwanamke wa kofia alikuwa anakunywa chai barazani.

Nilikaa mpaka mwisho nikitumaini watamrudisha. Hawakumrudisha.

Nilirudi nyumbani mbio, buibui limejaa upepo. Mama alikuwa amekaa kitandani kwenye nguo zake nyeupe, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri mgeni. Nikamweleza. Nilieleza barabara, nikaeleza koti, nikaeleza honi ya bata, nikaitukana. Kila nililosema lilikuwa dogo kuliko nililoliona. Mama aliniuliza, "Shingo ilionekana?" Nikasema ilionekana. "Alikaaje?" Nikasema alikaa kama anavyokaa siku zote. "Alikaaje?" akauliza tena, na safari hii sauti ilimpasuka.

Nikavuta kigoda katikati ya chumba, nikampa mgongo, nikavua buibui shingo ibaki wazi, nikanyoosha mikono mbele kuushika usukani.

Mama akasema, "Kiwiko cha kulia kilikuwa nje. Juu ya mlango." Nikakitoa kiwiko. "Bega la kushoto alilishusha." Nikalishusha. "Sana. Punguza. Hapo." Nilimsikia akiteremka kitandani, akaja akaketi kwenye mkeka nyuma yangu, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilinigusa kisogoni. Huko dukani mtu alikuwa akipima kitambaa na kukichana. Nilijua analia, na safari hii hakujificha. Nikataka kugeuka nimkumbatie.

"Usigeuke, mwanangu," akasema. "Endesha."

Nikaendesha. Nikaendesha mpaka mikono ikafa ganzi, na kati yetu hakuna aliyesema tumefika.